Msichana Aliyeitwa Posta

Fundi wa sare za shule alikuwa na jambo moja la kujivunia: nyumbani kwake hapakuwa na kelele. Majirani walirushiana masufuria. Yeye na mumewe, karani wa ghala, huu ulikuwa mwaka wa tatu hawajagombana. Tungewapigia makofi, ila hata kusemezana hawakuwa wakisemezana. Mume alikaa sebuleni, mke chumba cha pili kwenye cherehani, na binti yao wa miaka tisa akawa mtu wa kwenda na kurudi.

"Mwambie baba yako maji yamekatika."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Siku nyingine majibu yalikuja matamu. "Mama, baba anasema umechoka, upumzike." Fundi alikunja uso mbele ya mtoto, lakini akibaki peke yake alitabasamu na kukanyaga cherehani kwa raha. Alikuwa akisubiri mumewe aje amwambie mwenyewe. Kuanza yeye? Thubutu! Kiburi kilikuwa kimemkaa kooni.

Kisha mwalimu mkuu akawaita wote wawili, na mtoto akakalishwa katikati yao.

"Binti yenu ni mchonganishi," mwalimu alisema. "Anatunga maneno mabaya, anayapeleka kwa marafiki wawili mpaka wanuniane. Wakishanuniana, yeye ndiye anayewapelekea ujumbe. Mara ya nne sasa. Wenzake wanamwita Posta. Nyumbani mnagombana?"

"Hata siku moja, mwalimu," fundi alijibu, kifua mbele.

"Basi zungumzeni hapa, ninyi wawili, mkubaliane mtamsaidiaje. Mkishindwa, mtafutieni shule nyingine."

Mume alimwinamia binti na kumnong'oneza, kama alivyozoea. Lakini nyumbani kulikuwa na ukuta na mlio wa cherehani. Hapa ofisini, kati yao kulikuwa na kiti kimoja tu, kile alichokalia mtoto. Fundi alisikia kila neno.

"Mwambie mama yako hiyo ni kazi yake. Mimi nilishamchoka zamani."

Mtoto aligeuka bila kusita, uso mkunjufu, sauti ileile ya kila siku. "Mama, baba anasema usijali, tutazungumza sote nyumbani."

Fundi alimkodolea macho binti yake. Kumbe yale maneno yote matamu, miaka yote ile, aliyatunga mtoto huyu akiwa njiani kati ya vyumba viwili. Na yeye, mtu mzima na akili zake, alikuwa akiyalalia na kuyaamkia. Aliona aibu, akaona uchungu, akatamani kumkumbatia binti yake. Zaidi ya yote alitaka kumgeukia yule mwanamume na kumtolea uvivu, uso kwa uso, mwalimu akiwa shahidi.

Alifungua mdomo.

"Mwambie baba yako..."

Mtoto alikaa vizuri kitini, tayari kupokea. Mwalimu mkuu hakungoja amalize. Alivuta droo, akatoa fomu ya uhamisho.