Mkono wa Mwarobaini

Mtambo wenyewe ulinijia bila mkono wa kulia. Ni jitu la vita la plastiki, refu kama chupa ya soda, lenye miguu miwili minene na mizinga mabegani. Niliuziwa na mwanafunzi mmoja wa Nairobi aliyekuwa ameachana na mchezo. Sisi tunaoucheza Kitui mjini tuko wanne tu. Kila mwezi tunaunganisha meza mbili nyuma ya cyber, duka la intaneti, tunapanga majeshi yetu madogo na kurusha kete. Watu hutuchungulia dirishani wakacheka, eti wanaume wazima wenye ndevu na vidoli. Wacha wacheke. Nililipenda jitu lile kuliko karibu kila kitu nilicho nacho, na nilitaka liwe zima.

Nikalipeleka Makindu kwa baba. Baba alikuwa mchongaji, na kwa miaka mingi aliwauzia wasafiri wa barabara ya Mombasa twiga na vifaru. Kwetu, kuchonga ilikuwa kazi ya baba, msasa ulikuwa kazi ya mama na watoto. Nilipiga msasa kabla sijajua kusoma. Ukimaliza twiga wako, baba alifumba macho na kupitisha kidole gumba kutoka shingoni mpaka kwatoni.

"Bado nasikia kisu," alisema, nawe ukarudi chini kusugua. Asiposikia kisu, ndipo ulipoachiliwa kwenda kucheza.

Wakati huo mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na hakuwa ameshika kisu karibu mwaka mzima. Aligeuzageuza jitu.

"Hii ni mnyama gani?"

"Ni mashine ya vita, Baba."

"Na inapigana na nani?"

"Na zingine kama hiyo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaagiza aletewe kipande cha mwarobaini.

Ilimchukua siku tatu. Vipimo vilikuwa sawa kabisa, bega, kiwiko, ngumi. Lakini mkono wote ulijaa alama za kisu, fupifupi, zilizoyumba, nyingine zimepanda juu ya nyingine.

"Hii uache tu hivyo," akaniambia. "Kitu ya vita haiwezi kuwa laini."

Niliitikia. Nikarudi Migwani, ninakofundisha, nikaliweka jitu mezani, na kufika Jumapili nilikuwa na msasa mkononi. Ningependa kusema ni mazoea. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Wenzangu wangeuliza kwa nini mkono mmoja unaonekana kama umetafunwa na panya, na ningejibu nini, kwamba baba yangu anatetemeka? Nikasugua kutwa nzima, kwanza kwa msasa mkali, halafu kwa ule laini. Nikapuliza rangi ya msingi, nikafuatisha kijani cha jeshi, na kwa brashi ndogo nikapaka rangi ya kutu kwenye viungo. Siku ya mchezo hakuna aliyeweza kutofautisha mti na plastiki. Kichwa kilinivimba.

Basi nikampelekea baba, nikitaka naye anisifu. Alifumba macho. Kidole gumba kikapita, kikitetemeka, kutoka begani mpaka kwenye ngumi.

"Umepiga msasa."

"Ndio, Baba."

"Sawa. Imekuwa safi." Akanirudishia, akaomba chai.

Hakushika kisu tena. Sikumuuliza kama ni mimi niliyemvunja moyo, na hilo linaniuma mpaka leo. Tulimzika kabla mvua hazijaanza. Baada ya wageni kuondoka nilitafuta nyumba nzima kitu alichokichonga, sikupata. Twiga wote waliuzwa, na hata hao tulikuwa tumewasugua sisi. Kazi yake iliyobaki ilikuwa huo mkono, chini ya rangi yangu.

Mwezi uliopita niliung'oa begani, nikauloweka kwenye thina. Kijani kikatoka, kutu ikatoka, rangi ya msingi ikatoka, mti ukaonekana. Niliukausha kwa kitambaa. Nikafumba macho, nikapitisha kidole gumba polepole kutoka begani mpaka kwenye ngumi, nikarudia, nikarudia tena.

Sikusikia kisu popote.