Debe Lilipigwa Nyuma ya Mwanangu, Watu Wakapiga Makofi

Debe lilipigwa nyuma ya kichwa cha mwanangu, hatua mbili tu, tena kwa gongo.

Watoto kumi na sita wakaruka. Wengine wakaangua kilio. Mmoja akajikojolea.

Mwanangu Sihaba akaendelea kuchora mchangani kwa kidole.

Watu wakapiga makofi. "Mtoto wa dungu huyo! Kazoea debe!"

Na mimi mama yake nikapiga makofi pamoja nao.

Nakaribia sitini sasa. Nimesoma mpaka la saba tu, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Sitaki huruma ya mtu. Nimechoka kulibeba hili jambo, na nimechoka zaidi kuona kina mama wa leo wanafanya nililofanya mimi.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, miaka ya ruksa. Mitumba imefika mpaka vijijini, redio za betri kila nyumba, na magari ya miradi yanapishana na vumbi lake. Sisi tulikaa upande wa Mkongo, bonde la Rufiji.

Msiotoka kwetu niwaeleze. Msimu wa mpunga tunahamia bondeni, tunakaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu. Kutoka kule tunafukuza ndege, ngedere na nguruwe. Silaha yetu ni debe tupu na gongo. Mtoto wa kwetu anazoea debe kabla hajajua kutambaa.

Basi mradi mmoja ukatufungulia chekechea. Mwalimu akawa Maulida, binti wa hapo hapo kijijini, mpole, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeomba chumvi.

Halafu wakaja wakufunzi kutoka Dar, mkubwa wao anaitwa Bi Waride.

Hawa hawakuja kufundisha watoto. Walikuja kumfundisha Maulida namna ya kushirikiana na sisi wazazi. Tulicheka sana. Semeni, jirani yangu, akasema, "Ina maana mtu anapanda gari kutoka Dar kuja kumfundisha Maulida kusalimia watu wa kwao?"

Wazazi tukachagua mama kiongozi wa kukaa kwenye mafunzo. Wakanichagua mimi.

Nilivimba kichwa, nisiwadanganye. Nikapewa daftari na kalamu, na kiti cha mbele.

Siku ya kwanza Bi Waride akajifanya mzazi, akakaa mkekani. Maulida akaambiwa aje kumtembelea.

"Hodi."

"Karibu, mwalimu."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Bi Waride akasimama. "Haya, umepata nini hapo?"

"Nimepata jibu," Maulida akasema.

"Hujapata kitu, mwanangu. Sisi watu wa pwani hata tukiwa na maiti ndani tutakujibu hatujambo. Adabu zetu hizo. Ukiuliza hajambo, utajibiwa hajambo."

Tukaangua kicheko maana ni kweli tupu.

Akaendelea. "Kaa kwanza. Mama akiwa anachagua mchele, na wewe vuta ungo uchague. Uliza jana mtoto alilalaje, alikula nini akabakiza. Kisha nyamaza. Na kasoro ya mtoto wa mtu usiitaje mbele ya watu. Usimwumbue mzazi. Mambo hayo ni ya mkekani, wewe na yeye."

Maulida akaandika yote. Na mimi nikaandika.

Wiki ile ile Maulida akaja kwangu. Akavuta ungo, akachagua mchele.

"Mama Sihaba, jana alilalaje?"

"Kama gunia."

"Ukimwita akiwa amekupa mgongo anaitika?"

Mkono wangu ukasimama juu ya mchele.

Hapa niwaambie lililokuwapo. Sihaba alipokuwa na miaka mitatu masikio yalianza kutoa usaha. Kwanza la kulia, halafu yote mawili. Nikaambiwa nimtie mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Nikamtia. Yalikuwa ya moto kuliko nilivyodhani. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya siku zile nikaanza kuona haniitiki vizuri.

Kwa hiyo moyoni mwangu nilijua ni mimi. Mkono wangu ndio uliomziba mwanangu masikio. Baba yake, Mshamu, alikuwa Utete kwa kibarua siku ile ya mafuta, hakujua kitu. Sasa mama kiongozi mzima, mwenye daftari na kalamu, naanzia wapi kusema?

"Anaitika," nikamwambia Maulida. "Ila mkaidi, kama baba yake."

Akachagua mchele kidogo tena, akaaga.

Akaja mara ya pili. Tukiwa bondeni, akavuka kwa mtumbwi akanifuata mpaka dunguni. Jua kali, miguu yake imejaa matope mpaka magotini. Nikampa maji. Akauliza swali lile lile kwa njia nyingine.

"Ukiwa huku juu na yeye yuko chini, unamwitaje?"

Nikamweleza habari za ndege saa nzima. Kwelea kwelea mwaka huu wamezidi, hatutavuna kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikambebesha maboga mawili akaondoka.

Alipokuwa anashuka ngazi akasema, "Wakufunzi wanarudi wiki mbili zijazo. Watanionyesha namna ya kupima watoto macho na masikio, kwa kuwaita kutoka nyuma, nyie wazazi mkiwa mbele yao. Nimeona nikwambie mapema."

Sasa naelewa kwa nini aliniambia mapema. Siku ile sikuelewa. Mimi nilisikia hatari tu.

Siku ya kupima ikafika. Watoto wakakalishwa mchangani, sisi wazazi tukakaa mbele yao tunatazamana nao, ili wasiogope. Bi Waride akapita nyuma yao na debe. Hakusema ana debe.

Paa!

Yaliyotokea nimeshawaambia. Makofi, vicheko, mtoto wa dungu kazoea.

Mshamu alikuwa amesimama pembeni na wanaume wenzake. Alifura kwa fahari. "Huyu wangu hata bunduki hamshtui!"

Bi Waride hakucheka. Akaweka debe chini, akasogea nyuma ya Sihaba, akaita polepole, "Sihaba."

Mwanangu, aliyekuwa ameinua macho kunitazama, akageuka, akamtazama.

"Sihaba," akaita tena kutoka upande wa pili.

Akageuka tena.

Bi Waride akashusha pumzi, akaandika kwenye karatasi: hajambo.

Nilirudi nyumbani nimelowa jasho, lakini nimeshinda. Hivyo ndivyo nilivyoona. Nimeshinda.

Maulida akaja mara ya tatu. Akavuta ungo. Safari hii hakuuliza kitu. Alichagua mchele mpaka ukaisha, akanitazama, akasema, "Mama Sihaba, mimi nipo." Akaondoka.

Nikamwambia Semeni, "Huyu mwalimu siku hizi anapenda mchele wangu."

Msimu uliofuata, asubuhi moja kama saa tatu, tulikuwa bondeni. Mimi niko chini napika. Mshamu yuko juu ya dungu. Sihaba yuko njiani, kama hatua hamsini, ameinama anaokota masuke.

Mshamu akaona mpunga unatikisika. Nguruwe. Wawili, mmoja dume, wanatoka mbio kuifuata njia ile ile.

Akapiga debe kama mwenye wazimu.

"Sihaba! Panda! Sihaba, panda!"

Kila mtoto wa bonde anajua maana ya debe la namna ile. Unapanda chochote kilicho karibu, na hatua tatu kutoka kwake kulikuwa na kichuguu.

Sihaba akaendelea kuokota masuke.

Mshamu alipiga mpaka debe likabonyea. Nilimwona uso wake ukibadilika. Hakuwa anamwogopa nguruwe tena. Alikuwa anamtazama mtoto wake.

Dume likampitia Sihaba. Jino lake refu likampasua paja kutoka kiunoni mpaka karibu na goti.

Hakusikia hata alipokuwa anapigwa. Alianza kupiga kelele akiwa tayari chini.

Tulimfunga kwa kanga yangu. Mtumbwi, kisha lori la mkaa, mpaka hospitali ya Mchukwi. Njia nzima Mshamu aliibana kanga ile pajani kwa mikono miwili. Tulipokaribia kufika akauliza neno moja tu.

"Ulijua?"

 Lori lilikuwa na kelele, nikajifanya na mimi sijasikia.

Paja lilishonwa, likapona. Daktari aliyeshona paja ndiye aliyeona pamba niliyokuwa namsukumia ndani ya masikio kuzuia usaha. Akaichomoa, akanusa, akachukua kitochi akamulika.

"Hii imeanza lini?"

Nikalia. Nikamwambia yote, mafuta, kitunguu saumu, kilio, yote mbele ya Mshamu. Nikasema, "Daktari, ni mimi niliyemuua masikio."

Akatikisa kichwa. "Mafuta yalimwunguza, ndiyo, na msirudie. Lakini ngoma za masikio zimeliwa na usaha, mama, pole pole, miaka yote hii. Mngemleta ule mwanzo, ni dawa ya wiki mbili tu."

Rudieni kusoma hapo. Dawa ya wiki mbili.

Nilificha kosa ambalo wala halikuwa lenyewe.

Maulida alikuja hospitali siku ya nne, ameleta uji kwenye chupa. Akakaa sakafuni kando ya kitanda, kama anavyokaa mkekani kwangu.

"Mama Sihaba," akasema, "siku ya kupima nilikuona."

"Uliniona nini?"

"Nyusi."

Jamani. Hapo juu nimewaandikia kwamba Sihaba alipoitwa aligeuka. Ni kweli aligeuka. Sikuwaambia kwa nini.

Wiki mbili zile, wakati wao wanajiandaa kumfundisha mwalimu, mimi dunguni nilikuwa namfundisha mwanangu. Nikiinua nyusi ya kulia, geukia kulia. Nikiinua ya kushoto, geukia kushoto. Akipatia nampa kipande cha muwa. Alikuwa na miaka mitano na alijifunza kwa siku mbili, akili nyingi mtoto yule. Alidhani tunacheza.

Debe tu ndilo lililonikuta sijajiandaa.

"Uliniona," nikasema, "na ukanyamaza?"

"Tulifundishwa tusimwumbue mzazi mbele ya watu." Machozi yakamtoka. "Nikasema nitakufuata mkekani. Nikaja. Nikachagua mchele, nikangoja uniambie mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja uache kuja."

 Sihaba katikati yetu, anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine.

Mshamu alinisamehe, au alichoka, sijui. Hatukuachana. Bi Waride aliporudi Maulida alimweleza, na nasikia toka siku ile wakufunzi wale waliwakalisha wazazi nyuma ya watoto, pamoja na debe. Kwa mwanangu ilikuwa imechelewa.

Sihaba leo ni fundi cherehani Kibiti. Anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu hajui ukubwa wake. Anasoma midomo. Hapendi mtu ainue nyusi akiwa anaongea naye.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kumwandikisha binti yake Maimuna shule ya awali. Wazazi tumejazana kwenye benchi. Mwalimu msichana mdogo, kaandika jina, akauliza bila kuinua macho, "Mtoto hajambo?"

Kila mama aliyetangulia alikuwa amejibu hajambo.

Sihaba akamgusa mwalimu kidevu ili auone mdomo wake. Akasema kwa sauti yake ile, darasa zima likageuka:

"Ana kifua. Juzi amekohoa usiku kucha. Sikumsikia, nilimlaza mgongoni pangu nikahisi. Na sikio la kushoto analivuta vuta. Andika!"

Wamama wakatazamana, mmoja akacheka kwa aibu.

Mwalimu akashika kalamu, akaandika.

Kina mama wenzangu, mnasema walimu wa siku hizi wadadisi, wanauliza ya ndani mwetu. Hebu waacheni waulize. Mwalimu akija kukaa mkekani kwako mara tatu, hajafuata mchele. Mwambie. Mwambie hata lile unaloamini ni kosa lako, hasa hilo.

Na nyie walimu, mkekani msichoke kungoja, lakini msingoje mpaka mchele uishe.