Veturia na Chesisi Iliyoliwa na Kutu

Siku niliyomwona Veturia kwa mara ya kwanza, niliona viatu vyake tu. Alikuwa amelala chini ya gari langu kuukuu la milimani, lililovutwa na trekta hadi uwanja wa karakana yake, akiigonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kililia kama kengele ya kondoo. Palipoliwa na kutu palijibu po, po, kama boga.

"Kaka, hii ni chesisi au jibini?" aliuliza huko chini.

Sikujibu. Zilibaki wiki mbili kondoo wangu wapande malishoni mlimani, na bila gari la kubebea mahitaji ya kiangazi ningelazimika kuwauza.

"Haya bwana bubu, mimi nakata."

Akakata vipande vibovu vyote, akachomelea chuma kipya. Cheche ziliruka kuelekea maua ya miplamu, nami nikawa kama naota mchana. Chuma kilipopoa, alichemsha sufu isiyooshwa, akaengua mafuta yake na kuyamimina ndani ya chesisi ili kutu isirudi. Uwanja mzima ukanuka zizi.

Siku ya kupanda ilipofika, nilichukua gari kwake alfajiri, nikaenda mlimani. Gari halikulalamika hata kidogo. Lilielea ndani ya ukungu, na kondoo wakalifuata kama mawingu madogo.

Kiangazi chote huko juu niliandaa maneno ya kumwambia. Niliposhuka Oktoba, karakana ilikuwa imefungwa. Veturia alikuwa amehamia Italia kwa dada yake. Kwa hiyo nimebaki na yale aliyoniambia langoni pake alfajiri ile, mkono wake ukiwa juu ya boneti:

"Nenda, kaka. Litakufikisha. Na ukirudi, useme hata neno moja."