Toba Yangu Mbele ya Waanika Ndagala

Rumonge nzima wanacheka, lakini sioni haya. Dhoruba ikinikuta tena ziwani, nitatubu vilevile.

Nilikuwa natoka Gitaza kwa mtumbwi wa jirani. Mawimbi yalipoanza kuingia ndani, nilifumba macho kwa woga, nikatoa shahada, kisha nikapaza sauti kuushinda upepo: "Ee Mola, nisamehe. Yule samaki wa wageni wa Idi nilimla mimi, nikamsingizia paka, naye akafukuzwa nyumbani."

Mtumbwi ukatulia. Nikashukuru, nikafumbua macho. Upepo ulikuwa umetusukuma hadi mchangani kwetu, katikati ya wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mke wangu alisimama mbele yao, beseni mkononi.

"Alhamdulillahi, muzee, umepona," alisema. "Sasa shuka ukamutafute paka wangu."