Ufa uko chumbani kwa mama mkwe, na nyumba niliijenga mimi

Admin, nifichie jina, na mtaa pia usiutaje, maana Butembo tunajuana. Nina miaka arobaini na moja, baba wa watoto wanne, fundi wa kujenga nyumba. Nakaa Beni na mke wangu. Ukweni kwangu ni Butembo, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Haya ninayoandika sijayasema hata kwenye kitubio, na mimi ni Mkatoliki wa kila Jumapili.

Miaka kumi na tano iliyopita nilikuwa namchumbia mke wangu. Baba yake, sasa ni marehemu, alitaka nyumba ya matofali ya kuchoma, akanipa mimi kazi. Nilifurahi sana, kwa sababu mchumba anayejua kazi hana haja ya maneno mengi. Udongo wa matofali tuliuchimba palepale kiwanjani, kama wengi wanavyofanya huku kwetu, likabaki shimo refu kunipita kichwa, upande wa chini wa mteremko. Kuta zilipoanza kupanda, mzee akataka chumba kimoja zaidi, cha kulala yeye na mkewe. Nafasi iliyobaki ilikuwa pale kwenye shimo.

Nilijua, msidhani sikujua. Shimo lililofukiwa linaachwa linyeshewe misimu kadhaa lishuke lenyewe, au msingi unachimbwa mpaka ukute udongo ambao haujawahi kuguswa. Lakini harusi yetu ilikuwa imekaribia na mzee alitaka apokee wageni ndani ya nyumba mpya. Nilifukia kwa udongo, vipande vya matofali na hata vigogo vya migomba, tukashindilia siku mbili, nikaweka msingi mfupi juu yake. Mzee alikuja akasimama pale, akaniuliza, "Hapa iko nguvu, mutoto wangu?" Nikamjibu, "Iko nguvu, baba." Nikapewa mke.

Miaka mingi nyumba ilinyamaza, na mimi nikanyamaza nayo. Kisha mwaka jana tulikwenda kusalimia, nikasikia mlango wa kile chumba unakwaruza sakafu kila ukifunguliwa. Shemeji yangu akaupunguza kwa randa, akasema mbao zimevimba kwa unyevu. Nilizunguka nje kama mtu anayetafuta choo. Kwenye ukuta wa mwisho, kona ya dirisha, niliona ufa unapanda ngazi kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali, chini mwembamba na juu mpana, kidole changu kinaingia. Plasta ikipasuka nyuzi nyuzi si kitu, hiyo ni mikunjo ya uzee tu. Huu ulikuwa ni ukuta unaondoka.

Sasa taabu yangu ni hii: kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hata sebuleni sikai naye karibu. Kwa hiyo mimi niliyekijenga kile chumba siwezi kukikagua. Nilimpa mke wangu saruji kidogo, nikamwelekeza apake viraka viwili vinavyovuka ufa kwa ndani, nikamdanganya kwamba ni dawa ya unyevu. Kumbe ndivyo mafundi tunavyopima: kiraka kikikatika, ujue ukuta unatembea. Tuliporudi mwezi uliofuata, aliingia, akatoka, akaniambia, "Yote mbili imekatika. Na mama ametundika kitenge juu yake, anasema ni aibu mbele ya bageni."

Shemeji alipoona nina wasiwasi akaziba ufa wote na kupaka rangi, akanitania, "Shemeki, si banasema usipoziba ufa utajenga ukuta?" Nilicheka naye. Mimi fundi nawaambia, kuna ufa ambao ukiuziba umeufunika macho tu, ukuta unaendelea na safari yake. Rangi ile haikumaliza hata miezi miwili.

Nilijikaza nikamwambia mama, huku nimeinamisha macho, kwamba chumba kile kimechoka, alale kingine tukibomoe. Akanijibu kwa upole, "Mukwe, nyumba gani ya huku hapana na bipasuko? Mu kile chumba njo baba yenu alifia. Mimi hapana toka mule." Usiku ule nilitaka kumweleza mke wangu ukweli wote. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Baba alikuwa anasifu ile kazi yako mpaka siku alikufa." Nikamwambia alale, nikazima taa.

Wiki iliyopita mdogo wake mama mkwe amefika na wajukuu wake watano, wamekimbia vita kutoka upande wa Mabalako. Nyumba imejaa. Mke wangu alipiga simu kuuliza wamelala wapi, akaweka sauti kubwa nami nisikie. Mama akasema, "Batoto nimebalaza mu chumba yangu, kwa ule ukuta wa mwisho. Kama bunduki italia, ule hapana anguka. Ni mukwe wangu alijenga."

Mke wangu alinitazama akitabasamu. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Nikisema, ukoo utakaa kikao, na mke wangu anaweza kurudishwa kwao, kwenye nyumba ileile. Nikisema nusu, hawahami. Na wakihama, waende wapi watu wote wale? Mzee aliniuliza mara moja, nikamdanganya. Mama hajawahi kuniuliza, yeye ananiamini tu, na imani yake ndiyo imewalaza wale watoto chini ya ukuta wangu.

Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni, nimestahili, lakini baada ya hapo nishaurini: nifanye nini, na nianze kumwambia nani? Huku Beni mvua inanyesha tangu asubuhi.