Watu wa Tanga Walipofungua Baa Msambweni

Niliacha shule darasa la nne. Ada haikukosekana. Mwalimu alituchorea ubaoni barabara ya kwenda Tanga, akaifuta kabla hajaeleza inapita wapi, nami nikaona ni heri nikaiangalie mwenyewe. Tangu siku hiyo sikukaa mahali. Nilikata boriti za mikoko Vanga, nikapakia nazi Gazi, nikavuka mpaka nikakata mkonge. Kila kazi niliifanya mpaka nikaelewa inavyofanyika, kisha miguu ikaanza kuniwasha.

Tanganyika walikuwa wameshapata uhuru wao, na wetu ulikuwa mbichi. Kila mtu mwenye shati safi alikuwa anafungua kitu. Kule Tanga palikuwa na kampuni ya baa za bei rahisi, na baa zake zote zilifanana kama mayai. Ukuta ulipakwa buluu hadi kiunoni na nyeupe juu. Mabenchi yalikuwa ya saruji, hayabebeki wala hayavunjiki. Hapakuwa na redio wala mhudumu wa kike. Palikuwa na ukuta wenye kidirisha kidogo, na nyuma ya ukuta mtu anafungua chupa, anamimina kwenye kikombe cha bati, anakisukuma nje. Chupa haikutoka kamwe. Ilirudi kiwandani nzima, na hapo ndipo palipokuwa na siri ya ile bei. Wakata mkonge, waliotoka kila pembe na hawajuani, walipanga mstari mbele ya kidirisha, wakanywa, wakaenda kulala.

Niliwauliza watu wa kampuni maswali mengi hata wakaona afadhali waniajiri. Siku moja nikasikia kampuni inataka kuvuka kuingia Kenya. Ingeanza Msambweni kwa majaribio, na mambo yakikubali ingepanda Ukunda, kisha Likoni. Wakauliza nani anaijua Msambweni. Niliinua mkono kabla hawajamaliza, kwa kuwa Tanga nilikuwa nimeshaimaliza.

Msimamizi tuliyepewa alikuwa mtu wa milima ya Usambara, mwembamba, wa makamo, mlokole. Hakuwa amewahi kutia pombe kinywani. Baba yake alimalizwa na pombe, naye, akiwa bado kijana, akasimama mbele ya kanisa akaapa kwamba yeye haitamgusa ulimi. Kampuni ilimpenda kwa hilo. Mtu asiyekunywa haibi bia. Tena kwenye ukuta wa ndani wa kila baa, kanuni ya kwanza iliandikwa kwa rangi: mfanyakazi akionja, kazi imekwisha.

Alikuja na mke wake, mwanamke mtulivu aliyeshangazwa na joto letu kila asubuhi kana kwamba lilikuwa geni. Walilala chumba cha nyuma, pamoja na makreti. Tukiwa tunapaka rangi, msimamizi alinieleza habari zake bila kuulizwa, jambo la nadra kwangu. Msambweni ikifanikiwa, atakuwa mkubwa wa baa zote za upande wa Kenya, na mke wake atapata nyumba yenye jiko lake. Ikishindwa, atarudi Korogwe kuosha vikombe alikoanzia.

"Na sasa nina mvi," akasema. "Mtu hawezi kuosha vikombe akiwa na mvi."

Siku ya kufungua, kila mtu alipewa kikombe kimoja cha bure. Watu walikuja wengi, Wadigo wa hapo, Waduruma waliokuwa wameteremsha ng'ombe kutoka bara, na mafundi waliokuwa wakijenga maduka. Waliamkiana, wakakaa barazani, wakasifu rangi, wakasifu saruji. Vikombe vilitoka vimejaa, vikarudi vitupu. Msimamizi alikuwa akivipokea kama mtu anayepokea pongezi za harusi. Jioni ile ile alikwenda kuomba simu kwenye duka la Mhindi akapiga Tanga.

"Msambweni wanakunywa kama mchanga!" nilimsikia akipaza sauti. "Leteni lori zima!"

Asubuhi nilifagia. Nyuma ya baraza, chini ya ukingo wa makuti, mchanga ulikuwa na mashimo madogo madogo yenye povu lililokauka, na siafu walikuwa wamejipanga kutoka upande hadi upande. Niliyatazama mashimo yale, nikafikiri watu walikuwa na mikono mizito, wamemwaga bila kukusudia. Basi.

Siku zilizofuata, watu walikuja, wakatusalimu, wakauliza habari za Tanga, wakapumzika kwenye mabenchi yetu yenye ubaridi, kisha wakainuka wakavuka njia kwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza tembo la mnazi kwenye kibanda cha makuti. Hakuna aliyekaribia kidirisha. Msimamizi alikaa nyuma ya ukuta na chupa zake, kitambaa begani, akisikiliza vicheko vya ng'ambo ya njia.

Nilishindwa kuvumilia kutojua. Nikavuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtu wa Tanga. Bia imewaishia huko hata waja kwetu maskini?"

"Imejaa tele. Watu ndio hawapo."

"Watu tupo," akasema mgema mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kisu chake cha kugemea kikiwa bado kiunoni. "Na tumewasaidia. Mimi kikombe chenu cha bure nilikimwagilia mnazi ule pale nyuma. Mwakani utazaa chupa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama alichota tembo kwa kata, akapiga funda moja, akameza, kisha akanipa mimi kata ile. Ni jambo nililoliona tangu nanyonya, na kwa kuliona sana nilikuwa nimeacha kuliona. Kwetu hupewi kinywaji na mtu ambaye hajakionja mbele yako. Huko ndiko kutoa uchawi. Amemeza yeye, nawe unameza bila wasiwasi.

Nilibaki na kata mkononi.

"Ahaa," nikasema.

"Ahaa," mama akaniigiza. "Umekwenda mbali mno, mwanangu, umesahau kunywa. Hebu niambie, pale kwenu anayetoa kikombe ni nani?"

"Ni msimamizi."

"Mimi nimeona mkono. Ukuta una tundu, tundu linatoa mkono, mkono umeshika kikombe. Mkono huo nimeukosea nini? Sijui. Nao umetia nini? Sijui. Basi aonje."

"Haonji. Ameapa."

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko.

"Muuza pombe haonji pombe yake!" mgema akapiga paja. "Hata mimi ningekuwa nauza sumu, ningesema nimeapa!"

"Basi nitaonja mimi," nikasema.

Mama alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya tairi. "Wewe hukumimina. Tena wewe leo upo, kesho Vanga, kesho kutwa sijui wapi. Tukifa tutakutafutia wapi?"

Nikamrudishia kata yake, nikavuka njia kurudi.

Nilimweleza msimamizi yote. Alisikiliza akifuta kikombe kilichokuwa kikavu. Kesho yake alichukua nyundo akabomoa kipande cha ukuta ili watu wamwone uso. Akaanza kufungua chupa barazani, mbele ya macho yao, kizibo kikiruka. Watu walimpongeza kwa adabu, wakasema kweli chupa imefunguka vizuri, wakavuka njia.

Na lori lilikuwa linakuja. Mkaguzi wa kampuni alituma salamu kwamba atalileta mwenyewe, aje aone watu wanaokunywa kama mchanga. Yale maneno ya simu yalimrudia msimamizi kila saa. Akawa anatembea kutoka chumba cha nyuma hadi barazani na kurudi, nami nikawa natembea nyuma yake, kwa kuwa mimi pia siwezi kukaa mtu mwingine akihangaika. Mke wake alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Mwishowe akasema bila kuinua macho:

"Usipoonja tunarudi Korogwe. Ukionja, wewe utarudi wapi?"

Mumewe akatoka tena barazani.

Sijui nani alieneza habari kwamba siku ya lori msimamizi ataonja. Labda mama, labda mimi. Mdomo wangu nao haukai. Lori lilipofika kabla ya adhuhuri, mabenchi yote yalikuwa yamejaa na wengine wamesimama njiani. Mama mwenyewe alikuwa amefunga kibanda chake akaja kutazama, mikono kiunoni. Mkaguzi, mtu mnene mwenye kofia ya jua, alishuka akitabasamu. Kisha akaona hakuna mwenye kikombe.

"Hawa wanangoja nini?" akaniuliza.

"Wanamngoja msimamizi, mzee."

Msimamizi akatokea. Alivaa shati lililopigwa pasi. Akafungua chupa, akamimina, akakiinua kikombe hadi midomoni, akakishusha.

"Ah, ah," mgema akasema kutoka benchi la mbele. "Umebusu, bwana. Hujaonja. Koo halijacheza."

"Koo!" wengine wakadakia. "Tuone koo!"

"Msimamizi," mkaguzi akaita, na tabasamu lilikuwa limekwisha, "kanuni ya kwanza unaijua."

Msimamizi akageuka kumtazama mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni. Mke hakufanya ishara yoyote. Hakuficha uso wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, kama mtu anayemwachia mwenzake uamuzi ulio wake. Msimamizi akanywa. Kila mtu aliliona koo lake likipanda na kushuka. Alikohoa, machozi yakamlengalenga, akampa mgema kikombe. Mgema akakizungusha mkononi, akakinusa, akanywa nusu, akapangusa midomo.

"Kichungu," akatangaza. "Lakini si kibaya."

Basi baraza likainuka kama watu waliosikia ngoma. Kwa kila chupa iliyofunguliwa walidai koo, na kwa kila chupa msimamizi alipiga funda. Mkaguzi mwanzoni alisimama na kinywa wazi. Chupa za ndani zilipoanza kupungua, alikuwa ameshaisahau kanuni, anampigia kelele utingo ashushe makreti. Mama wa tembo aliwahesabu kwa macho wateja wake, akaacha kucheka, akarudi taratibu kwenye kibanda chake.

Msimamizi alipoona vikombe vimewaenea watu wote, alikwenda kwenye pipa la maji akasukutua kinywa mara nyingi. Akavua aproni, akaikunja, akamwekea mkaguzi mikononi.

"Umeona inavyouzika," akasema. "Nilichosema kwenye simu sasa si uongo. Kazi yangu imekwisha."

"Imekwisha vipi? Ndiyo kwanza inaanza! Ukunda ni yako, Likoni ni yako. Umeshaonja, kuna hasara gani tena?"

"Leo nimeonja kwa sababu nilisema neno nisilolijua. Kesho nitaonja kwa sababu ni kazi. Baba yangu alikuwa akiuza pombe, mzee. Naye alianza kwa kuwaonjea wateja."

Mkaguzi akanitazama mimi. "Wewe je? Wewe ni wa huku. Unakunywa?"

"Nakunywa."

"Basi mimina, onja, uza. Chumba cha nyuma ni chako."

"Mpe huyo!" mgema akapiga kelele. "Akipewa chumba tutajua pa kumtafuta!"

Nakiri moyo uliruka. Niliuona ukuta wa buluu, kitanda, watu wakiniita msimamizi. Lakini nilipotafuta kitu gani cha baa ile sijakijua, sikukiona. Nilijua chupa zinatoka wapi na zinarudi wapi, nilijua kwa nini ilishindwa na kwa nini imeweza. Miguu ilikuwa inaniwasha hata kabla hajamaliza kusema.

"Mpe yeye," nikamwonyesha mgema. "Hapa hakuna asiyejua kwake."

"Mimi?" Mgema akashuka kutoka kwenye benchi. "Nionje kila chupa, tena nilipwe? Bwana mkubwa, usicheke na mimi."

Mkaguzi hakuwa akicheka. Na ndivyo ilivyokuwa. Baadaye nilisikia walifungua Ukunda, wakaweka mwonjaji kutoka Bongwe, kijiji cha jirani, na ile kanuni ya kwanza haikuandikwa tena ukutani upande wetu wa mpaka.

Siku ya pili nilimbebea msimamizi sanduku mpaka kwenye basi la Lunga Lunga, na basi lilipotaka kuondoka nikajikuta nimo ndani. Mke wake alisogea akanipisha bila kuuliza. Tulikwenda mwendo mrefu, vumbi jekundu likiingia madirishani.

"Ni chungu," msimamizi akasema ghafla. "Miaka yote niliogopa kwamba ni tamu. Kumbe watu wanalipia uchungu ule."

Mke wake akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akicheka na kufuta macho kwa ncha ya kanga, na mumewe akacheka kidogo pia. Kisha uso wa mume ukarudi ulivyokuwa.

"Sasa mtakwenda Korogwe?" nikauliza.

"Kuosha vikombe, hapana," mke akajibu kabla yake. "Kaka yangu ana shamba kule juu. Analima kabichi."

Nilikuwa nimeila kabichi jikoni kwa Mzungu mmoja Diani, lakini sikuwahi kuiona ikiwa ardhini. Niliwauliza inaota juu au chini ya udongo, na kama ina maua. Walitazamana. Mpakani, nilishusha sanduku lao, nikaliweka begani tena, nikavuka nao.