Shimo la Pili

Sheria ya afya ilitaka kila nyumba iliyo jirani na mgodi iwe na choo. Sheria ya madini ilikataza mtu kuchimba shimo bila kibali, maana huku Geita kila aliyeshika sururu alidhaniwa mwizi wa dhahabu. Mimi niliolewa katikati ya sheria hizo mbili.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa chini ya ardhi, na choo chetu kimoja kilikuwa na kibali chake. Sikuwa na la kulalamika mpaka baba mkwe alipokuja kutoka Shinyanga, kifua kikimsumbua, ili akae karibu na hospitali ya mgodi. Nilimpenda mzee yule. Kila asubuhi aliniwahi kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kabla sijamwamkia, nami nikaona aibu.

Lakini kwetu Wasukuma mkwe wa kike na baba mkwe hawaingii choo kimoja. Hilo halina mjadala. Kule kijijini pori lilikuwa kubwa na kila mtu alijua upande wake. Hapa vichaka vyote vilikuwa vya mgodi, na ukikamatwa unajisaidia humo ni faini.

Mume wangu akaenda kuomba kibali cha shimo la pili. Ofisi ya madini ikamtuma kwa bwana afya, na bwana afya akamrudisha ofisi ya madini. Nenda rudi, nenda rudi, na zamu ya kazi inamngoja.

"Choo mnacho," bwana afya akamwambia mara ya mwisho. "Cha pili mnatafuta nini huko chini?"

Mume wangu aliona haya kueleza. Akarudi nyumbani, akalala na viatu. Siku hizo maji meupe ya mgodi yalikuwa yakipita bondeni chini ya nyumba yetu na kuunguza majani. Nayo, tuliambiwa, yalikuwa na kibali.

Basi nikamwachia mzee choo. Alfajiri nilibeba ndoo kama ninayekwenda kisimani, nikakata kona kuingia vichakani. Nilikuwa mjamzito na miguu imevimba. Nilichoka, nilichoka mno, lakini sikumwambia mtu.

Askari wa mgodi akanikamata. Alinipitisha njia kuu hadi uani kwetu, alipokuwa ameketi baba mkwe.

"Mzee, huyu ana choo nyumbani. Kwa nini anachafua pori?"

Baba mkwe akakitazama choo, kisha akanitazama miguu. Jioni nikamsikia akifunga blanketi lake, na mume wangu akimsihi abaki kwa ajili ya dawa.

"Mtoto wa watu hawezi kuishi kama fisi kwa sababu yangu," alisema.

Aliondoka na lori la pamba. Nilisimama mlangoni nikilia, nikashindwa hata kumwambia abaki, maana ningemwambia abaki wapi? Habari za msiba wake zilitufikia kabla ya mavuno.

Baada ya matanga bwana afya alipita kukagua. Alichungulia choo, akazunguka ua, akasema nyumba yangu ni mfano kwa majirani wote.

"Asante, bwana," nilimjibu.